Buto ya Mama Kavira

Mimi ndiye ninayelinda usafi wa mikate katika kiwanda chetu kidogo hapa Walikale. Kila kitu nakihesabu mara mbili, hata vifungo vya makoti ya wafanyakazi. Kifungo huku kwetu tunakiita buto.

Juzi asubuhi alifika mnunuzi wa kantini ya wachimbaji kutazama kazi yetu. Nilikuwa nimebishana naye bei wiki nzima; akituona wachafu, basi tumekwisha. Hapo Mama Kavira, anayekanda unga, akaninong'oneza chini ya barakoa:

"Papa, buto imenitoka."

"Saa ngapi?"

"Leo, mbele ya kuanza kukanda."

Mikate mia mbili ilikuwa imeshaiva, na kifungo kimo ndani! Nikashika kisu, nikaikata yote mbele ya mgeni. "Kwetu kalite, ubora wenyewe, njo hii," nikajigamba huku jasho likinitoka. Vipande nilivihesabu mara mbili. Kifungo hakuna.

"Mama, buto ilitoka wapi kwenye koti?"

"Koti gani?" Akavigusa vifungo vyake: vyote vitano viko. Mimi, bingwa wa kuhesabu, vifungo vyake sikuvihesabu hata mara moja. Akashusha barakoa. Kidevuni, kipele chekundu, nacho pia huku kwetu tunakiita buto. "Buto njo hii, Papa. Nilikuwa naomba plasta."

Mgeni alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Kisha akatafuna kipande.

"Muntu wa kukata mikate yote juu ya buto moja, tutafanya naye kazi," alisema. "Kesho leta mia mbili. Lakini mizima."