Kwenu ni Wapi? Swali Lililoniponza Ofisi ya Kodi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi, Gitega, nilipewa kiti kibovu, muhuri na rundo la fomu za wageni. Nilikuwa nimetoka nyumbani, mtaa wa Yoba, kwa miguu, nimevaa viatu vya dada yangu, na hadi nafika vilikuwa vimenichubua. Shefu de servisi wetu, yaani mkuu wa idara, hakunipa hata nafasi ya kuketi.

"Zaituni, we unajua Kiswahili ya mujini. Wageni watakuwa wako. Uliza pole pole, andika mbio."

Ndivyo nilivyokuwa ajenti wa wageni: wenye maduka, madaktari, mapadri, wastaafu waliooa huku.

Kazi yenyewe, vijana, si ngumu kama mnavyoifanya ninyi na kompyuta zenu. Mgeni akiingiza pesa kutoka nje, unataka kujua mambo mawili. Kwanza, ni pesa gani. Akiba aliyoiweka zamani si mapato, anahamisha mali yake tu. Lakini pensheni, au pango la nyumba aliyoiacha huko, hayo ni mapato. Pili, yeye ni nani mbele ya sheria. Mkaazi, yaani mwenye maskani yake hapa, hutangaza hata mapato ya nje. Asiye mkaazi hutangaza aliyoyapata hapa tu. Na kama alishakatwa kodi huko, alete atestasyo, karatasi ya kuthibitisha, ili apunguziwe.

Fomu ilikuwa ya Kifaransa, na maskani iliitwa domisili. Wengi hawakulijua neno hilo, kwa hiyo mimi, kwa ujuaji wangu, nikawa nauliza, "Kwenu ni wapi?"

Nilijiponza mwenyewe. Kwa watu wa huku, kwenu si unapolala. Ni mlima anakotoka baba yako. Mimi nimezaliwa na kukulia Yoba, lakini ukiniuliza nitakujibu kwetu ni Makebuko, ingawa nikienda huko naulizia njia.

Baada ya miaka sita walinihamishia Muyinga. Huko nilimkuta Mzee Hasanali, muuza vitambaa mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga. Alikuwa amefanya kazi kiwandani Uingereza hadi akastaafu, kisha akamfuata mkewe Muyinga, kwa wakwe zake, na kujenga hapo nyumba ya vyumba vitatu. Pensheni yake ilipitia benki kila mwezi.

"Kwenu ni wapi, mzee?"

"Kwetu Tanga, binti yangu," alisema bila kufikiri.

Nikaandika: si mkaazi. Akasaini, maana Kifaransa hasomi. Tuliendelea hivyo miaka minne, tukisalimiana vizuri kabisa.

Mwaka wa tano alikuja Madamu Inspekta kukagua kituo. Aliweka fomu zangu upande mmoja na karatasi za benki upande wa pili.

"Huyu muzee iko na bibi, iko na duka, iko na nyumba. Donc, basi, anaishi wapi, hewani?"

Mzee Hasanali akaandikiwa kodi ya miaka yote minne, na juu yake faini ya kuficha mapato. Faini ilizidi kodi yenyewe. Ili ailipe ilimbidi auze nyumba. Alikuja mezani kwangu ameshika ile barua.

"Binti yangu, nimeficha nini? Uliniuliza kwetu, nikakwambia kwetu."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Nilimwendea mkuu wa kituo, nikamweleza kwamba swali lilikuwa langu.

"Nyamaza, Zaituni," alisema. "Imebaki kidogo upewe ushefu. Ukiandika kosa iko yako, dosye yako ya kupanda cheo imekwisha."

"Na mzee?"

"Ule ni mugeni. Atauza, atarudi kwao."

Neno hilo la mwisho lilinichoma kuliko barua. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaweka swali langu kama nilivyokuwa naliuliza, nikampelekea Madamu Inspekta. Aliisoma mara mbili, akamwita mzee.

"Unalala wapi, siku nyingi za mwaka?"

"Hapa Muyinga. Nilale wapi tena?"

Faini ikafutwa. Kodi ikabaki, kwa sababu ilikuwa halali. Atestasyo ya Uingereza ilipofika, kodi hiyo ilipunguzwa, naye akalipa kidogo kidogo hadi ikaisha. Nyumba hakuiuza.

Mimi nilirudishwa Gitega na cheo kilekile. Niliowafundisha kushika muhuri wakawa mashefu wangu. Nilikasirika, na sitawadanganya kwamba hasira imekwisha. Pensheni yangu ni ya ajenti, na kila mwisho wa mwezi mume wangu huiangalia, kisha huniangalia mimi. Lakini kila kijana aliyekuja mezani kwangu nilimfundisha kuuliza mtu analala wapi.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Muyinga kuwaaga wenzangu wa zamani, nikapita dukani kwa Mzee Hasanali. Alinivutia kiti, akaagiza chai. Mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa akichagua kitenge, aliniangalia sana, kisha akamuuliza mzee huyu mama ni nani.

"Ni mtu wa kwetu," alisema mzee, akaendelea kupima kitambaa.