Zubaida, fundi anayeng'oa dubu kwenye nguo za kulala

Dubu hataki kutoka. Zubaida Amade amemshika sikio kwa ncha ya mkasi mdogo, anachokoa uzi mmoja baada ya mwingine, na kila anapodhani kazi imekwisha anakuta mshono mwingine chini yake.

"Huyu kashonwa na mtu mwenye roho mbaya," anasema bila kuinua macho.

Ni asubuhi katika mtaa wa Milamba, Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Barazani pana cherehani, benchi, na mwenye nguo mwenyewe amekaa anangoja. Anaitwa Natália, mfanya usafi hospitalini, mama wa watoto watano na bibi wa wajukuu wawili. Gauni lake la kulala ni la pinki, mabega yana marinda, na kifuani amelala dubu mwenye utepe kichwani. Ukilitazama kwa mbali utasema la mtoto wa chekechea. Ukilikunjua, linamtosha mwanamke mwenye mwili wake.

Chini ya dubu pana maneno ya kigeni. Natália alilala nayo miezi kadhaa bila kujua yanasema nini, hadi mwalimu jirani yake alipoyaona kwenye kamba ya kuanikia akamsomea: "Binti mdogo wa baba."

"Hee! Nilitamani ardhi ipasuke," Natália anasema, mkono mdomoni. "Baba yangu nilishamzika. Mume wangu mwenyewe ananiita mama. Sasa huyo baba ni nani?"

Zubaida anacheka mpaka mkasi unamponyoka. Lakini anapouokota, kicheko kimeshakauka, na anaendelea kumchokoa yule dubu kwa hasira.

Hii ndiyo kazi yake. Wanawake wanamletea nguo za kulala walizonunua sokoni, naye anang'oa dubu, sungura, paka na vikeki, kisha anatia mfuko. Kwa kazi hiyo anatoza metikali sabini. Wiki ikiwa nzuri anapata wateja wanane, tisa. Wiki mbaya anashona magunia ya wavuvi wa dagaa ili jiko liwake.

Picha hazitupi. Dubu wa Natália atashonwa kwenye kigauni cha mjukuu wake wa miaka mitatu. "Namrudisha kwa mwenyewe," anasema Zubaida.

Anayedhani Zubaida anatia chumvi na aende sokoni akajionee. Pijama za wanaume zimetundikwa upande mmoja: buluu, kijivu, kahawia, zina vifungo, mifuko miwili pembeni na mmoja kifuani. Mtu akizivaa anaweza kupokea wageni. Upande wa pili ndiko kwa wanawake. Lo! Sungura wenye kope ndefu. Paka wanaopeana mabusu. Nyingine ina kofia yenye masikio mawili yaliyosimama, na ukubwa wake ni wa mama wa makamo. Mfuko hakuna hata mmoja.

"Wanawake wanapenda vitu vya kitoto," anaeleza muuzaji, kijana mwenye adabu zake. Anapoulizwa ni mwanamke gani aliyemwambia hivyo, anajikuna kisogo. Anasema mabunda yanakuja hivyo hivyo kutoka Nampula, na huko nako yanatoka mbali.

Zubaida ana miaka arobaini sasa. Ni mfupi, mwembamba, na ulimi wake hauna breki. Lakini ukitaka kujua kwa nini dubu wa nguo anamtoa jasho namna hii, itabidi umsubiri amalize pindo kwanza.

Anasema ilianza kwa zawadi. Mumewe Buanali, fundi mwashi, alirudi kutoka Nampula na vifurushi viwili. Kimoja kilikuwa pijama yake mwenyewe, ya buluu nzito. Cha pili kilikuwa cha mkewe, gauni fupi la pinki lenye dubu.

"Nikamuuliza, 'Buanali, hii si ya mwanetu Sumaia?' Akasema, 'La, ni yako, aliyeniuzia kasema ndio mtindo.' Basi. Kwenye kitanda kimoja wanalala mkurugenzi na mtoto wake wa kumlea!"

Buanali, ambaye anachanganya saruji uani, anasikia. "Mimi nilileta kwa mapenzi," anajitetea.

"Nani kakataa? Ndiyo maana niliivaa."

Zubaida anataka wasomaji waelewe jambo moja. Kwao, msichana akishatoka unyagoni, hata jina la utotoni huachwa. Anajifunga kapulana mbili, vitenge vya huko, anaketi na wakubwa, watoto wanamwamkia. "Umenitoa utotoni kwa ngoma na vigelegele, halafu unirudishe kwa dubu? Mnyama mwenyewe hajawahi kukanyaga Cabo Delgado!"

Hata hivyo aliivaa. Alikuwa ameivaa alfajiri ile ya mwaka 2020, waasi walipouvamia mji na risasi zikaanza kulia.

Buanali alikuwa Pemba kwenye ujenzi. Nyumbani alikuwapo yeye na binti yao wa pekee, Sumaia, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Zubaida alichukua kitu kimoja tu, bilhete, kile kitambulisho chake. Akajipapasa atafute pa kukiweka. Hapakuwa na mahali.

"Nguo ile haikuwa na pa kuweka hata sindano," anasema. "Nikakishika mkononi, tukakimbia."

Walipitia kwenye mikoko, maji yamekupwa. Sumaia akazama kwenye tope hadi kiunoni. Mkono mmoja wa Zubaida ulikuwa umeshika tawi, wa pili bilhete. Hapo anaitazama mikono yake kana kwamba bado ina tope.

"Niliachia bilhete, nikamshika mwanangu. Kikaenda."

Wakapita vichakani, wakaikwepa njia panda ya Awasse, wakapanda uwanda wa juu mpaka Mueda, miguu imevimba. Njiani mwanamke mmoja aliwapa kapulana. Ilikuwa moja tu. Zubaida alimfunga binti yake, kwa kuwa mtoto wa kike alikuwa akitetemeka.

Basi fikiria jinsi walivyofika kwenye foleni ya kupokelewa. Mbele alisimama binti mrefu, amejifunga kapulana vizuri. Nyuma yake mama mfupi, gauni fupi la pinki limechanika, dubu kifuani. Kijana aliyekuwa akipanga watu akampita Zubaida kama hakumwona, akamwuliza Sumaia: "Huyu menina ni mdogo wako? Mama yenu yuko wapi?"

Sumaia akajibu, "Huyu ndiye mama."

Foleni ikacheka. Watu waliotoka kukimbia mauti, wenye njaa, walicheka. Zubaida akasema ana miaka thelathini na minne. Kijana akamtazama dubu, akamwomba kitambulisho. Hakuwa nacho. Akaambiwa akae na watoto pembeni, wasubiri mtu mzima wa kuwasemea.

"Nilikaa," anasema. "Mimi niliyemzaa huyu, nikakaa na watoto wa watu nasubiri mtu mzima."

Mpaka leo anapolisimulia hili sauti yake inapanda kana kwamba limetokea jana, na mtu akimsikiliza anaona kweli, hili halisameheki kirahisi. Walikaa pale hadi bibi mmoja wa Mocímboa alipomtambua na kupiga kelele kwamba huyo ni mama Sumaia, fundi cherehani, mke wa mtu.

Familia ilirudi Milamba baada ya miaka kadhaa. Cherehani iliibiwa, paa halikuwapo. Zubaida alianza upya kwa mashine ya kuazima, na akajiwekea kiapo ambacho mtaa mzima unakijua: binti yake hatalala na dubu.

Mwezi uliopita kiapo hicho nusura kiivunje ndoa.

Sumaia, ambaye sasa ana miaka ishirini, alikuwa amechumbiwa na Amisse, fundi umeme, kijana anayempenda kweli na anayependwa kweli. Siku ya sanduku, upande wa bwana harusi ulikuja na nguo za bibi harusi. Kwa desturi yao sanduku hufunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Kila nguo huinuliwa juu, ikapigiwa vigelegele. Upande wa mwanamke ukiikataa nguo, hairudishwi kimya kimya. Aliyeinunua huitwa, akaivaa yeye mbele ya kina mama, akachekwa mpaka basi, na neno likaishia hapo. Zamani zilizokataliwa zilikuwa blauzi zisizoenea na kapulana zilizochuja rangi.

Shangazi wa bwana harusi, bi Zuleica, akainua ya kwanza. Vigelegele. Ya pili, vigelegele. Akainua ya tatu.

Pinki. Marinda. Dubu.

Kila mwanamke pale aliijua habari ya Zubaida, isipokuwa wageni. Bi Zuleica akabaki ameishikilia juu, anangoja vigelegele visivyokuja.

"Sikumwona shangazi tena," anakumbuka Zubaida. "Niliiona foleni."

Akasema neno ambalo mama wa bibi harusi hatakiwi kulisema: "Fungeni sanduku, mrudi nalo."

Bi Zuleica alishtuka, akakasirika, na nani angemlaumu? Walikuja na zawadi, wanafukuzwa kama wezi. Wageni wakaanza kuvaa viatu. Chumbani Sumaia alisikika akilia. Ndoa ilikuwa Ijumaa.

Aliyeokoa jahazi ni Natália, yule wa hospitalini, aliyealikwa kama jirani. "Desturi ni kurudisha sanduku, au ni kumvisha aliyenunua?" akauliza. Aliyenunua alikuwa Amisse mwenyewe.

"Mwanamume avae nguo ya mwanamke?" bi Zuleica akang'aka. "Astaghafirullah!"

Zubaida akamgeukia. "Ya mwanamke gani, mkwe? Hiyo ni ya mtoto."

Hapo bi Zuleica akalikunjua gauni, akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamtazama dubu. Akatazama upana wa nguo. "Lo," akasema polepole, "na mimi ninayo ya sungura." Mmoja wa wageni akavua viatu, akakaa tena.

Amisse akaitwa. Alikuja mbio kutoka kazini, bisibisi nyuma ya sikio, hajui limetokea nini. Akaelezwa hukumu yake. Hakubisha. Akalivaa gauni juu ya shati na suruali, marinda yakamkaa mabegani, na kina mama wakaanza kumwimbia. Hata bi Zuleica alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

Simu ya Amisse ikaita. Akapokea, akamwambia mteja atamrudia, akakata. Kisha, huku bado anatabasamu, akaushusha mkono kuitia simu mfukoni. Mkono ukateleza. Akajaribu upande wa pili. Akajipapasa kifuani, kwa dubu. Simu bado ilikuwa mkononi.

"Mama," akamwuliza Zubaida, "mfuko uko wapi?"

Wimbo ukakatika.

Zubaida akakaa chini kwenye mkeka, akalia. Akamweleza mkwewe habari ya mikoko, mbele ya wote: tawi, bilhete, tope. Alipomaliza, Sumaia alikuwa amesimama mlangoni, kinyume na desturi, maana bibi harusi haonekani siku hiyo.

"Miaka yote hii umeniambia kilianguka," Sumaia akasema. "Hukuniambia kwamba ulikiachia."

Amisse akalivua lile gauni, akalikunja kwa heshima, akamwekea Zubaida mapajani. "Nilimwuliza muuzaji wanawake wanavaa nini," akasema. "Sikumwuliza Sumaia. Nishonee unayoijua wewe, mama."

Ndoa ilifungwa Ijumaa ile ile. Nguo ya kulala ya bibi harusi ni ya kapulana ya samawati na njano, ndefu hadi kifundoni, pana ya kumwezesha mtu kupiga hatua. Imeshonwa kwa haraka na pindo moja limepinda kidogo. Kwa ndani, ubavuni, ina mfuko wenye kifungo. Mfuko huo ni wa pinki. Zubaida alikuwa amelitunza lile gauni lake la Mueda miaka yote, amelifua, hana moyo wa kulivaa wala kulitupa. Kwa Sumaia alilikata.

Sasa wateja wanauliza nguo kama ile. Zubaida ana mpango wa kupata cherehani yake mwenyewe, awafundishe wasichana wawili watatu wa mtaani, wazishone kwa wingi hadi zifike kijijini Quiterajo. Bi Zuleica ameshaleta sungura wake ang'olewe. Buanali ameahidi kujenga kibanda, na hii ndiyo saruji anayoichanganya.

Dubu wa Natália hatimaye ametoka. Zubaida anapima mfuko kwa kiganja, anaupachika ubavuni, anakanyaga mashine. Natália anaingiza bilhete yake kujaribu. Inaenea.

Na Zubaida mwenyewe anatumaini nini? Mkono wake unasimama juu ya gurudumu la cherehani.

"Namwomba Mungu mifuko hii iwekwe simu na karanga tu, isije ikahitajika kwa lingine," anasema. "Lakini mwanamke akilazimika kukimbia, afike huko aendako aitwe mama."

Halafu anakata uzi kwa meno, anamkabidhi Natália nguo yake.