Kinu cha Ugoro cha Wachokwe

Matanga ya marehemu mume wangu yalianuliwa Jumamosi, tarehe saba Septemba, nyumbani kwetu Chemchem. Naitaja tarehe kwa sababu nilijifunza kuandika nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na tangu hapo sijaiacha siku ipite bila jina lake.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alifungua sanduku la nguo ili ndugu wagawiwe. Alipofika chini alipiga ukelele, akauvuta mkono kana kwamba amegusa nyoka.

"Njooni muone alichokuwa akikifuga huyu!"

Kilikuwa kinu cha ugoro, kirefu kama kiganja: mtu wa mti mweusi aliyeketi kitini, kilemba kimepinda nyuma kama pembe, misumari midogo ya shaba imepangwa kifuani, tumbo limechimbwa shimo la kusagia tumbaku. Babu wa babu yake mume wangu, mpagazi wa misafara, alikipata magharibi ya mbali, kwa Wachokwe. Huko, mume wangu alinieleza, tumbaku ilikuwa ya kila mtu, lakini chombo kilichochongwa namna ile kilikuwa cha mtemi na wakubwa wake. Aliyekishika ndiye aliyegawa. Aliyepokea alikuwa amekiri mkubwa ni nani. Ukoo wetu uliishika desturi hiyo.

Uani, hata hivyo, walijaa watu wasioijua habari hiyo. Walichokiona ni mjane mwenye macho mekundu ya moshi, na sanamu yenye kitu cheusi tumboni. Katika nchi yetu, wanawake wa umri wangu wamekatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mwanamume mmoja aliondoka kimya kimya kuelekea barabarani, nikajiuliza anakwenda kumwita nani. Sikulia. Sijawahi kulia mbele ya watu wa upande wa mume.

"Wifi, huo ni ugoro."

"Ugoro! Na mdogo wangu kauawa na ugoro?"

Mtani wa ukoo, ambaye msibani ana ruhusa ya kumtania yeyote, alidakia: "Uchawi gani huu unaonuka kama kikwapa cha mpagazi?"

Wachache walicheka. Nikakichukua kinu, nikachota kwa kidole, nikanusa mbele yao. Kisha nikamsogezea shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuja kutoka Kaliua akitarajia kuurithi ukubwa wa nyumba. Alijua maana ya kupokea. Alijua pia kwamba akikataa, atakuwa amenihukumu bila kufungua kinywa.

"Pokea, shemeji."

Aliwatazama watu uani, kisha akakinga kiganja.

"Haya, lete, mama," alisema. Akanusa, akapiga chafya mfululizo, na mtani akampigia makofi. Wifi alijifunga kanga, akaondoka bila kula.

Siku hizi kinu kipo mezani, sebuleni, na kila aingiaye namkaribisha ugoro. Wengi hupokea. Jumanne iliyopita jirani yangu, mnusaji wa miaka yote, aliurudisha mkono nyuma, akasema daktari amemkataza. Hakunitazama usoni. Nilipomsindikiza hadi mlangoni, nilimwona wifi yangu akimsubiri ng'ambo ya barabara.