Yaya Aliyenifundisha Kusema

Watu wengi wa Goma wananijua kwa sauti tu. Nikiingia duka moja la Keshero nikauliza bei ya sabuni, muuzaji huinua kichwa na kusema, "Ni weye wa redio?" Nikikubali, hucheka, huita mke wake aje kuniona, na mara nyingi huniuliza kama nilizaliwa nayo sauti hii. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kwamba nimeirithi kwa papa yangu, aliyekuwa msomaji wa Neno kanisani kwetu Kibumba. Ni jibu zuri na fupi. Watu hulipenda, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliamini.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kigugumizi. Nilikwama katika Kinyarwanda cha nyumbani, nikakwama katika Kiswahili cha sokoni, na Kifaransa cha shule kilipokuja nikakwama humo pia. Neno lilifika mdomoni, likakaa hapo, nami nikawa natikisa kichwa kama kuku anayemeza mahindi makubwa. Papa hakuweza kuvumilia kuniona hivyo. Sauti yake ilijaza kanisa bila mikro, bila kipaza sauti chochote, na mtoto wake hakuweza kumwomba chumvi mezani. Nikianza kusema, alikuwa akinimalizia neno haraka haraka, kisha anageuka upande mwingine. Jirani walinimalizia pia. Mwalimu hivyo hivyo. Nadhani wote walidhani wananisaidia.

Mtu mmoja tu hakunimalizia hata neno moja, na huyo alikuwa dada yangu mkubwa. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Mama yetu alipokufa, mimi nilikuwa na miaka saba na yaya kumi na mbili. Aliacha shule mwaka ule ule. Hakuna aliyekaa naye chini kumwambia aache. Asubuhi moja kulikuwa na mdogo wake wa kulisha na shamba la viazi la kupalilia, akafunga kitenge kiunoni, na sare yake nikaivaa mimi mwaka uliofuata.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alinichagua nisome salamu kwa wazazi siku ya proklamasio, siku ambayo matokeo ya mwaka husomwa uwanjani mbele ya kila mtu. Sijui kwa nini alinichagua. Labda kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani, labda alitumaini kwamba hofu ingenifungua mdomo. Papa alikuja na koti lake la kusomea kanisani, akaketi safu ya mbele.

Salamu ilianza na maneno "Wazazi wetu wapenzi". Sikufika hata kwenye "wetu". Nilisema "wa", nikasema tena "wa", na tena, mpaka mtu fulani nyuma akaanza kuniiga, na uwanja mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, nadhani. Walikuwa wamekaa juani tangu saa mbili, na walihitaji kitu cha kucheka. Nilimtafuta papa kwa macho. Nikamwona anasimama, anapangusa vumbi kwenye koti, anaelekea getini. Mwalimu alinichukulia karatasi mkononi, akampa mwanafunzi mwingine.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda shambani, na sare yangu, nikamkuta yaya anachimba viazi. Aliniona nikija, hakuacha kuchimba.

"Walicheka?"

Nilijaribu kujibu, nikakwama.

"Acha, usinijibu. Kamata jembe lile."

Nililikamata. Machozi yalikuwa yananitoka na pua inavuja. Akaniambia, "Sikia. Jembe likishuka, utoe neno moya. Likipanda, unyamaze, uvute pumzi. Usiwe na haraka. Viazi haviendi popote."

Nilianza. Jembe chini, wazazi. Jembe juu, pumzi. Jembe chini, wetu. Sitasema kwamba siku hiyo nilipona, maana sikupona. Nilikwama mara nyingi, na kila nilipokwama yaya alisimama na jembe lake hewani, akanisubiri. Nakumbuka mikono yake ilivyotetemeka kwa uzito. Hakulishusha mpaka nilipolitoa neno.

Tulifanya hivyo misimu minne. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau sehemu kubwa ya kusoma kwake, kwa hiyo nilimsomea vitabu vyangu vya shule huku tukipalilia, mstari mmoja kwa tuta. Wakati mwingine aliniuliza maana ya neno. Mara nyingi hakuuliza. Alitaka tu kusikia nikifika mwisho.

Vita vilipofika kwetu, tulishuka kwa miguu na watu wengine wote. Tulikaa Kibati, kando ya njia ya kuingia Goma, chini ya turubai kwa miezi, kisha ndugu wa papa akatupa kipande cha kiwanja Keshero, tukajenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Yaya alianza kuuza kabichi na karoti kando ya barabara. Mimi nilimaliza sekondari kwa kabichi hizo. Akaolewa, akazaa binti mmoja. Mume wake akaenda kutafuta kazi kwenye machimbo upande wa Walikale, na hadi leo hatujui kilichompata.

Nilipopata diploma yangu nilikwenda kuomba kazi kwenye redio moja ndogo ya mtaani. Ilikuwa na vyumba viwili, na kuta za studio zilibandikwa trei za mayai ili kusiwe na mwangwi. Mkurugenzi, muzee mmoja mpole, alinipa habari nisome. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukanishika, ukanishika vibaya. Alinisubiri kidogo, kisha akavua miwani.

"Mama, hii kazi ni ya mudomo," alisema taratibu. "Ukiwa na mukono muzuri wa kuandika, ni kitu kingine."

Aliongea kwa heshima, na nadhani ndiyo sababu iliniuma zaidi ya kicheko cha uwanjani. Nilirudi nikamkuta yaya anamwagia kabichi zake maji zisinyauke.

"Walikupa kusoma nini?"

"Habari."

"Habari za nani?"

"Za mawaziri."

"Unawajua?"

"Hapana."

"Basi ungewasoma namna gani?" Akaendelea kumwaga maji. "Kesho urudi. Umwambie unakubali kuandika."

Nilirudi. Kwa karibu mwaka mzima nilikaa kwenye benchi mlangoni pa redio nikiwaandikia watu komunike zao: fulani amefariki, fulani amepoteza kitambulisho, mbuzi fulani ameonekana. Mwingine ndiye aliyezisoma.

Kisha mapigano yakaanza tena upande wa kaskazini, na barabara ya Rutshuru ikajaa watu wanaoshuka na magodoro vichwani. Watoto wengi walipotea njiani. Wazazi walijaa mlangoni petu, nami niliandika majina ya waliopotea na ya waliopatikana mpaka daftari likaisha. Siku ya tatu msomaji wetu hakuja. Alikuwa amevuka mpaka na familia yake. Mkurugenzi alizunguka chumba kile kidogo mara mbili, akaja kuniwekea daftari mbele ya mikro.

"Ni weye umeyaandika," alisema. "Soma."

Mkono wangu wa kulia ulianza kupiga paja chini ya meza, jembe chini, jembe juu. Nikasoma jina moja, nikavuta pumzi. Jina la papa wake, pumzi. Kijiji, pumzi. Nyuma ya kioo niliona mkurugenzi anazungusha kidole hewani, niende mbio. Sikuweza kwenda mbio. Baada ya muda aliacha, akakaa.

Mchana ule mwanamke mmoja alikuja akiwa peku, akashika nguzo ya mlango. Mtoto wake alikuwa amepatikana kanisani Kibati. Alisema siku mbili alikuwa akisikiliza redio ya jirani na majina yalikuwa yanampita kama mvua. "Lakini weye unasoma kama mutu anatuhesabu," aliniambia.

Toka siku hiyo sikuondoka kwenye mikro. Watu waliuita ule usomaji wangu wa polepole utu, wakasema sijawahi kulipita mbio jina la mtu. Hawakujua kwamba ningekwenda mbio ningeanguka. Miaka ikapita, redio kubwa ikanichukua, sauti yangu ikaanza kusikika kwenye pikipiki za abiria tunazoziita moto, kwenye saluni na majikoni ya watu.

Ndipo wakanialika kwenye sherehe ya wanawake wa habari, kwenye ukumbi wa shule moja. Wasichana zaidi ya mia walikuwa wamekaa na sare zao. Papa alikuwa safu ya mbele, amezeeka, na koti lile lile. Yaya alifika amechelewa kwa sababu ya mzigo wa karoti. Alikaa nyuma karibu na mlango, binti yake mapajani. Mwongozaji aliniuliza ni nani aliyenifanya niwe hivi nilivyo.

Nilikuwa na nafasi. Nilimwona yaya, nikamwona papa. Nikasema, "Ni papa yangu. Yeye alikuwa msomaji wa kanisa. Alinifundisha kwamba neno linastahili heshima." Wasichana wakapiga makofi. Papa akasimama, akainamisha kichwa kwa watu. Yaya naye alipiga makofi. Nilimwona.

Sijui hata leo kwa nini nilisema vile. Labda nilitaka papa abaki ukumbini safari hii. Labda hadithi ya msomaji na binti msomaji ilifaa ukumbi ule kuliko hadithi ya viazi. Labda, na hili ndilo zito kwangu, niliona haya mbele ya wasichana wale kuonyesha kwa kidole mwanamke mwenye udongo kwenye kucha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yaya, mtoto katikati. Nilingoja aseme kitu. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Umeongea muzuri. Haukukwama hata mara moya."

Niliamua kurekebisha. Ningelisema jina lake hewani, siku ya sikukuu fulani, kwa mpango mzuri. Sikukuu zilipita. Yeye hakulitaja jambo lile tena, nami nikajifariji kwamba hakuumia.

Msimu mmoja kulipotulia kidogo, yaya na papa walirudi Kibumba kulima. Aliniachia binti yake asome Goma. Mwezi wa tatu yaya alishikwa na maumivu ya tumbo. Walimpakia kwenye moto ya abiria wamlete mjini, lakini siku ile njia ilikuwa imefungwa Kibati kwa sababu ya risasi. Walingoja kando ya barabara, pamoja na wengine waliokuwa wakingoja. Alifia pale, mchana kweupe. Nilikuwa nimetoka studio wakati mwenye moto aliponipigia. Nilikuwa nimemaliza kusoma komunike za watu wengine.

Wakamrudisha wakamzika Kibumba bila mimi. Komunike ya kifo chake niliiandika mwenyewe, mwenzangu akaisoma. Nilipofika kwenye kazi ya marehemu nilikaa muda mrefu na kalamu. Mwishowe niliandika "mkulima".

Njia ilifunguliwa siku ya tisa. Nilimkuta papa amekaa nje kwenye kigoda. Hakulia, nami sikulia. Baadaye, bila mimi kuuliza, alisema:

"Siku ile ya sherehe, nilijua unadanganya."

"Papa, kwa nini hukusema kitu?"

"Ilikuwa tamu," alisema. "Nilijua sifa ile ni ya dada yako, na nilikula."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikaa chini kando yake, kwa sababu tulikuwa tumekula sahani moja.

Sasa wakinialika shuleni nasema ukweli. Nasema habari za jembe, habari za yaya. Wasichana husikiliza kwa adabu, kisha huuliza jinsi ya kupata nafasi ya mafunzo redioni, na hawana kosa. Binti wa yaya anaishi nami. Yuko sekondari, anaongea bila shida na anaongea sana. Jumapili moja, tukisafisha maharage, aliniuliza, "Mama mudogo, mama yangu alitaka kuwa nini?"

Nilijaribu kukumbuka siku hata moja yaya aliponiambia alichokitaka, shambani, Kibati, au pale kwenye kabichi zake. Miaka yote ile tuliyoongea, tuliongea juu yangu.

"Sijui," nilimwambia. "Sikumuuliza."

Akainamia tena maharage yake.