Kigingi Kando ya Kaburi la Bibi

Kila nipitapo kituo cha reli kinachopanuliwa jijini, harufu ya mataruma mapya yaliyopakwa lami hunirudisha kwenye shamba letu la ufuta, upande wa Ruangwa. Ndivyo walivyonukia watu waliokuja kupima njia ya reli ya Nachingwea. Walipigilia kigingi kando ya kaburi la bibi, mahali ambapo reli ingepita. Msimamizi wao, Mzungu, alisimama mbali. Mkalimani wake akamwendea baba.

“Mzee, hamisha kaburi hili.”

Baba alicheka. “Mimi hapa nimekuja kuoa tu, bwana. Shamba ni la mke wangu, kaburi ni la mama yake. Unaniuliza mimi?”

“Tangu lini mwanamke akawa na shamba?”

“Wewe umezaliwa na nani?” mama alidakia. “Na huyo bwana wako, hana mama?”

Mkalimani hakutafsiri. Mama akakitikisa kigingi mpaka kikalegea, akaking’oa, akamkabidhi.

“Kama unaogopa kumwambia, mpelekee hiki.”

Asubuhi walirudi na kigingi kirefu zaidi. Walimkuta mama na dada zake wote wameketi palepale kigingi kilipong’olewa, wakipepeta ufuta, makapi yakimrukia msimamizi usoni.