Mikono Miwili ya Kushoto

Bi Mkasi hakuwa akisemeshana na fundi cherehani mwenzake wa mlango wa pili, na sababu ilikuwa moja tu: kuigwa. Akitundika gauni jipya leo, kesho la jirani huyo liko mlangoni pake, kitambaa kilekile. Wakikutana barazani, Bi Mkasi hubetua midomo akapita.

Siku hiyo alikuwa akishona gauni la mama wa bibi harusi, la satini inayong'aa upande mmoja. Kwa kubania kitambaa, alikata mikono mmoja mmoja, akasahau kugeuza patani, ile karatasi ya kukatia. Aliijaribisha mabegani mwa gauni. Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Satini ile ilishakwisha dukani, na mwenye gauni yuko njiani.

Akameza kiburi chake, akaenda mlango wa pili.

"Shoga, nimeharibu," akasema, akimwonyesha ile mikono ya gauni.

Jirani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akainama, akavuta satini ileile chini ya cherehani.

"Niliinunua juzi, nilipoiona kwako. Usiniulize kwa nini."

"Siulizi kitu, dada yangu."

Walikata mkono wa kulia pamoja, huyu ameshika, yule anapitisha mkasi. Mwenye gauni alivaa, akajigeuzageuza kwenye kioo, akaondoka anacheka peke yake. Bi Mkasi akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa hukohuko kwa jirani.

Wiki iliyofuata alinunua kitambaa kipya. Kabla hajakigusa, alimpelekea jirani kipande.

"Shika chako mapema," akamwambia, "nisije nikaharibu changu na wewe hujaniiga bado."