Mashine ya Setilaiti Uani kwa Mama Mutheu

Leo nimemwona dada mpima ardhi hapa mtaani Jericho, Nairobi, akisimamisha fimbo yake ya GPS, na kabla sijamaliza kumsalimia alishajua amesimama wapi.

Wasee, miaka ya themanini haikuwa hivyo.

Nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi, tukitafuta njia ya bomba la majitaka katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Mashine yetu ya setilaiti ilikuwa kubwa kama sanduku la kwenda shule ya bweni, na ilitaka mahali penye anga wazi.

Mahali penyewe palikuwa uani kwa Mama Mutheu, mjane aliyekuwa akiuza mboga kulea watoto wake.

"Mmekuja kunibomolea?" akauliza.

"Hapana, mama. Tunangoja setilaiti ipite, ndiyo tujue tuko wapi."

"Mimi najua mko wapi. Mko kwangu."

Tukacheka. Akatupikia chai, tukashinda hapo tukingoja.

Baadaye mhandisi wetu alichora mstari wa bomba kwenye ramani. Ulipita katikati ya chumba cha Mama Mutheu.

Chai yake ilikuwa bado tumboni mwangu. Nikamwambia mhandisi, "Mzee, hapa ndipo kwa yule mama aliyetukaribisha."

Akaitazama ramani tena, kisha akaupeleka mstari kando ya njia, ingawa kazi ya kuchimba ingeongezeka.

Nilipompelekea habari kwamba chumba chake kimepona, Mama Mutheu aliketi mlangoni akalia kwa furaha, lakini kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nikaketi naye.

Watu wa Mukuru, kuna anayejua watoto wa Mama Mutheu wako wapi siku hizi?